Chungu cha Kituo cha Tisa

Ozella Pruitt alikuwa hawezi kula amekaa. Mama yake, Bi Lutie, alizoea kusema kwamba binti huyu alizaliwa ana haraka ya kwenda mahali na mpaka leo hajafika. Alikula akiizunguka meza, alizungumza na simu huku akiuburuta waya wake mpaka jikoni na kurudi, na kanisani mguu wake wa kulia ulichezacheza hata wakati wa sala. Watu wa mtaa wa Dellwood walishamzoea. Wakiona mwanamke mrefu mweusi anapita kwa mwendo wa kuwahi treni, na treni zenyewe zilishaacha kusimama mjini Port Lorimer zamani, walijua ni mtoto wa Lutie.

Kazi alizijaribu nyingi. Alipiga pasi mashuka kwenye chumba cha dobi cha hospitali, kazi ya kusimama pahali pamoja kutwa kucha, akaichukia kama dawa ya minyoo. Akaendesha basi la shule, akaona nafuu, kwa kuwa angalau alikuwa anakwenda, ingawa ni kwenda na kurudi njia ile ile. Akaolewa na mtu mpole wa kiwanda cha vyuma aliyetaka mke wa kukaa naye sebuleni waangalie televisheni, na kukaa ndiko hasa kulikomshinda. Waliachana bila ugomvi, na hata leo wakikutana dukani husalimiana vizuri.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa pale jaji alipouamuru mji uajiri weusi na wanawake katika kikosi cha zimamoto. Kabla ya hapo weusi wa kikosini ungewahesabu kwa vidole, na mwanamke hakuwemo hata wa dawa. Wakubwa wa mji walinuna, magazeti yakapiga kelele, Ozella akasikia moyo unamruka. Hiyo ndiyo kazi ya mtu asiyetulia, alijiambia. Kengele inalia, unakimbia, na hakuna wa kukuuliza mbona una haraka.

Aliyemfundisha alikuwa Hosea Gaither, shemasi wa kanisa lao, mmoja wa wale weusi wa kuhesabika. Kila Jumamosi, nyuma ya kanisa, Gaither alimletea mdoli wa turubai uliojazwa mchanga, mzito kama mwanaume mzima, akamwambia aupandishe ngazi.

"Usibebe kwa mgongo, Ozella. Beba kwa mapaja."

"Shemasi, mapaja yameisha."

"Hayajaisha. Yanalalamika tu. Panda."

Akapanda. Siku ya mtihani aliwapita wanaume wengi waliokuja wametunisha vifua, na alipopangiwa Kituo cha Tisa, tena zamu moja na Gaither, alimpigia mama yake simu akacheka mpaka akalia. Aliona amekwenda ugenini lakini kwa mjomba.

Siku ya kwanza Gaither alimpokea mlangoni, akambebea begi. Ndani walikuwa wanaume wengine watano wanakunywa kahawa. Kapteni Feeney, mwenye nywele nyeupe na adabu za padri, alimpa mkono. Ndugu wawili wa familia ya Kessler waliinua vichwa kwa pamoja wakaviinamisha kwa pamoja, maana hawa kila kitu walikifanya kama pacha ingawa wamepishana miaka mitatu. Tully, kijana mdomo mrefu, alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Kapteni, jaji wetu mjanja," Tully alisema. "Kapata mbili kwa bei ya moja. Mwanamke na mweusi, mshahara mmoja."

Watu wakacheka. Gaither naye akacheka, na Ozella akaliona hilo, akalimeza. Ambaye hakucheka ni Ray Dombrowski, jitu zima la Kipolandi, mikono kama magunia ya viazi.

"Mimi sina mzaha," Dombrowski alisema. "Nina kilo mia moja na ishirini. Nikianguka kwenye moto, bibie, utanitoa na nini? Na maombi?"

"Nitakuviringisha," Ozella alijibu.

Hapo Feeney alicheka, lakini Dombrowski aliondoka na kikombe chake. Kuanzia siku hiyo kila mtu alijua nani ni adui wa nani.

Sasa, kituo cha zimamoto kina mlango wa serikali na kina meza ya wenyewe. Mlango ule jaji anaweza kuufungua. Meza hawezi. Watu wa zamu moja huchanga, hupika chungu kimoja, hula pamoja, na kuingia chunguni ni kwa kura. Hapo Kituo cha Tisa kila mtu alipewa punje mbili za maharage, nyeupe na nyekundu, akatumbukiza moja kwenye kopo la kahawa na nyingine akairudisha mfukoni. Punje nyekundu moja tu ilitosha kukuweka nje. Mgeni alikuwa anapika, anapakua, anaosha vyombo, ila hali nao. Ozella aliwapikia nyama na viazi vya kuponda, aliwaokea mkate wa mahindi wa mama yake ambao ndugu wa Kessler waliugombea mpaka chenga, kisha akachukua kibakuli chake alichotoka nacho nyumbani, akaenda kula kwenye mnara wa kuanikia mipira ya maji, amesimama, mipira iliyolowa inamdondokea mabegani.

Hilo lilimchoma kuliko matusi. Bi Lutie hakulielewa.

"Chakula si chakula tu?" mama alimuuliza, Ozella akizunguka jikoni. "Kazi umepata. Mshahara unapata. Huo ubwege wa kutaka kula na Wazungu umeutoa wapi? Si kwangu."

"Mama, ndani ya moshi humwoni mwenzio. Yule anayerudi kukutafuta anarudi kwa sababu anakujua. Wanajuana pale mezani."

"Basi mwambie jaji awaamuru wakupakulie."

"Jaji hawezi kuamuru hilo."

"Basi ni jaji wa nusu," Bi Lutie alisema. "Na hebu kaa, unanitia kizunguzungu."

Kulikuwa na jambo jingine. Mwaka wa kwanza ni wa majaribio, na mwisho wake kapteni huandika kama mtu abaki au aondoke. Feeney hakumficha. Alimwita ofisini, akafunga mlango kwa upole.

"Moto unauweza," alisema. "Sina la kulalamika. Lakini lazima niandike kwamba umeelewana na wenzako. Siwezi kuandika hivyo ilhali unakula mnarani kama paka. Nikiandika nitakuwa mwongo. Ingia chunguni, Pruitt. Hilo tu."

"Na wasiponitaka?"

"Wafanye wakutake," Feeney alisema, kana kwamba ni kazi ya kupaka rangi ukuta.

Kura ya kwanza walipiga majira ya baridi. Ozella aliambiwa akangoje mnarani, akapanda na kushuka ngazi mpaka jasho likamtoka. Feeney alikuja mwenyewe kumwambia. Nyeupe tano, nyekundu moja. Alipoingia kuosha vyombo watu wote walikuwa wanamtazama Dombrowski, naye Dombrowski alikuwa anatazama ukuta. Gaither alichukua kitambaa akamsaidia kukausha sahani.

"Pole, binti," Gaither alisema. "Uvumilivu."

Uvumilivu. Ozella alikuwa na kila kitu isipokuwa huo. Usingizi ulimpaa. Akiwa nyumbani alitamani awe kituoni, akiwa kituoni alitamani kengele ilie, na kengele ikilia alikuwa amekwisha vaa kabla Tully hajapata viatu. Kwenye moto wa ghala la matairi yeye na Dombrowski walishika mpira mmoja, yeye nyuma, na moshi mweusi ulipowashukia hakurudi nyuma hata hatua. Dombrowski alipotoka alitapika, akajifuta, akamtazama, kisha akaondoka zake. Ozella alichukulia kwamba ni dharau tu, ameibadilisha nguo.

Akaamua kumwendea kwa tumbo. Sokoni, kwenye kibanda cha nyama, alikuwapo mama mmoja wa Kipolandi, na Ozella alisimama mbele yake siku tatu mfululizo akiuliza namna ya kupika kabichi chachu na soseji mpaka mama yule akacheka, akamwandikia kwa herufi kubwa. Alipoipika kituoni harufu ilienea mpaka kwenye magari. Dombrowski alikuja na sahani, akala. Akarudi. Akarudi tena. Sahani ya tatu aliifuta kwa mkate.

"Nani kakufundisha?" aliuliza.

"Mtu."

"Huyo mtu kasahau majani ya mbei ya kutia harufu," Dombrowski alisema, lakini alilisema polepole, kama anayemkumbuka mtu.

Kura ya pili ilifuata wiki hiyo hiyo. Nyeupe tano, nyekundu moja.

Hapo Ozella akapoteza breki. Ilikuwa asubuhi ya kubadilishana zamu, wanaume wa zamu mbili wamejaa uwanjani, na Dombrowski anafunga boneti ya gari kubwa. Ozella alimwendea mbio mpaka pua kwa pua, ingawa pua yake ilifika kifuani mwa yule mtu.

"Sahani tatu," alisema. "Sahani tatu ulikula, ukafuta hadi sahani yenyewe. Halafu unanitilia nyekundu gizani. Kama hunitaki sema hapa, mbele ya watu. Mwoga mkubwa wewe."

Uwanja mzima ukageuka. Kumwita mwanaume mwoga kwenye kituo cha zimamoto, mbele ya zamu nyingine, ni jambo ambalo watu huliongelea mpaka wanastaafu. Uso wa Dombrowski ulipanda wekundu kuanzia shingoni. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sikutaki," alisema. "Sijakutaka tangu siku ya kwanza, na mke wangu ndiyo hataki kabisa. Lakini pale kwenye matairi ulibaki nyuma yangu. Na nyumbani kwetu anayepika anakula. Nimetia nyeupe. Mara zote mbili." Akapangusa mikono. "Sasa umenitukana mbele ya watu kwa punje ambayo si yangu."

Akaondoka. Kapteni Feeney, ambaye alikuwa mlangoni, alimtazama Ozella kwa masikitiko ya kweli.

"Umeharibu, Pruitt," alisema. "Imebaki kura moja kabla mwaka haujaisha. Baada ya hapo nitaandika nitakachoandika."

Walirudi kazini baada ya mapumziko ya zamu yao, na mchana wa siku hiyo Ozella na Gaither wakapewa mipira ya kuanika mnarani. Gaither alikuwa juu, anavuta kamba. Ozella chini, anaongea peke yake. Alikuwa anasema ni uongo, ni Dombrowski tu, nani mwingine, labda wale Kessler, maana wale hawana akili mbili.

"Acha kumwandama Dombrowski," Gaither alisema kutoka juu.

"Kwa nini nimwache?"

"Kwa sababu si yeye."

"Umejuaje?"

Gaither aliifunga kamba. Aliifunga vizuri, kama kawaida yake, kisha akashuka ngazi moja moja mpaka akawa mbele yake.

"Nyekundu ni yangu," alisema. "Zote mbili."

Ozella alicheka kwanza. Alidhani ni mzaha, maana mzee huyu alikuwa na mizaha ya kanisani, ya kavu. Halafu akaona macho yake, na kicheko kikamkauka.

"Shemasi. Wewe si ndiye uliyenifundisha kubeba."

"Ndiyo."

"Ukanipokea mlangoni. Ukanikaushia sahani. Ukaniambia uvumilivu."

"Nilisema hivyo." Gaither alikaa kwenye ngazi ya mwisho. Alionekana mzee ghafla, mzee wa kuchoka. "Kazi nilitaka uipate. Nakuapia, nilitaka kwa moyo wangu wote. Sikujua kama nitaumia hivi wakikupa na meza."

"Kuumia kwa nini?"

"Mimi nilikuwa nakula hapa hapa unapokula. Miaka kumi na moja. Nilikuwa na sufuria yangu, uma wangu, kikombe changu wamekipaka rangi kwenye kishikio chake ili mtu asije akakosea akanywea. Kitanda changu kilikuwa karibu na choo, na nikienda likizo hakuna aliyekilalia. Kila mwaka walipiga kura, kila mwaka nyekundu. Niliwatoa kwenye moto, Ozella. Mmoja nilimbeba mabegani, na jioni ile ile nikala mnarani. Mpaka siku moja wakanambia haya, Gaither, vuta kiti. Hawakusema kwa nini siku hiyo. Nami sikuuliza. Nilivuta kiti."

Akayafuta maji ya mipira usoni, au yalikuwa yake.

"Wewe huna hata mwaka," alisema. "Wanaupenda mkate wako. Wakikuingiza sasa, ile miaka yangu ilikuwa ya nini? Maana yake walikuwa wanaweza. Siku yoyote ile walikuwa wanaweza. Kila nikishika punje nyeupe nawaza hivyo, na mkono unakwenda kwa nyekundu."

"Kwa hiyo na mimi nile humu miaka kumi na moja."

"Sijasema ni haki."

"Umesema nini basi?"

"Nimekwambia ukweli. Ukitaka kuwaambia, waambie. Sitakulaumu."

Ozella alitoka. Alikuwa na hasira ya kumfanya avunje kitu, na chini ya hasira alikuwa na huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomkera zaidi, kwa kuwa hakuwa na pa kuiweka. Angemchukia Dombrowski mpaka siku ya kufa na asichoke. Gaither angemchukia vipi? Sauti iliyokuwa ikimwambia panda, panda, ndiyo iliyomfikisha pale.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alitembea. Alitembea kutoka Dellwood mpaka ziwani na kurudi, akavuka reli, akaingia maduka asiyonunua kitu. Neno moja tu kwa kapteni lingemaliza kila kitu. Feeney angeshusha pumzi, Dombrowski angesafishwa, na yeye angepewa kiti. Lakini alijua vizuri watakachokifanya na neno lile. Tully angelifanya wimbo. Mjini wangesema, mnaona, sisi tulikuwa tayari, wanabaniana wenyewe kwa wenyewe. Watu waliompakia Gaither kikombe rangi wangelala usingizi mtamu, na Gaither angeingia kaburini akiwa ndiye mbaya wa hadithi. Akinyamaza, anapoteza kazi pekee aliyowahi kuipenda. Akisema, anaipata kwa kuwauzia mzee.

"Una nini?" Bi Lutie alimuuliza.

"Sina kitu."

"Basi kaa."

Hakukaa. Alishapanda ngazi kwenda chumbani na kushuka tena kabla mama hajamaliza kumenya viazi.

Kura ya mwisho iliangukia Jumapili mchana. Ozella alikuwa ameoka nyama ya ng'ombe na karoti na vitunguu, nyama laini ya kukatika kwa uma, maana alijiambia kama ni kufukuzwa afukuzwe wamelamba vidole. Feeney alileta kopo la kahawa na kibakuli cha punje, akaviweka mezani, akamsubiri atoke. Ozella alibaki amesimama kwenye jiko, mikono imekunjwa.

"Mnarani, Pruitt," Feeney alisema.

"Leo siendi, Kapteni. Na kopo silitaki. Nataka mikono."

"Mikono?" Tully alisema. "Kidogo kidogo tutaambiwa tushikane tuimbe."

"Kura ya chungu ni ya siri," Feeney alisema. "Tangu enzi za babu yangu alipokuwa kituo hiki."

"Babu yako alikuwa mlevi," Dombrowski alisema. Hakumtazama Ozella; tangu siku ile uwanjani hakuwa amemsemesha. "Mikono ni sawa. Nimechoka kutazamwa kama mwizi wa kuku."

Feeney aliwaangalia, akaona hakuna anayepinga, akalisogeza kopo pembeni. Dombrowski aliinua mkono wake, mkono mkubwa, shingo upande lakini juu kabisa. Ndugu wa Kessler wakainua pamoja. Tully akainua wake huku anachungulia nyama. Feeney akainua. Halafu vichwa vyote vikageuka kwa Gaither, kwa kawaida tu, bila kushuku, kwa vile huyu ndiye waliyekuwa na hakika naye.

Ozella alikuwa anajua anachomfanyia. Tusimsafishe Ozella, sehemu yake moja ilikuwa inafurahia. Alitaka amwone mzee akikataa mchana kweupe, kama anaweza. Mikono ya Gaither ilikuwa juu ya meza, imelala, na kwa muda haikutikisika. Kisha mmoja ukainuka, ukafika usawa wa sikio, ukakaa hapo kama wa mwanafunzi asiye na hakika na jibu.

"Wote," Feeney alisema, na hakuificha raha yake. "Haya, Pruitt. Vuta kiti."

Akavuta kiti. Dombrowski alimpakulia, nyama nyingi kupita kiasi, akamwekea mbele, na Ozella akaelewa kwamba deni la uwanjani limepunguzwa ingawa halijafutwa. Akakata kipande, akakitia mdomoni. Alikuwa amekaa, na wao wamekaa, na bega la Kessler mkubwa lilikuwa linamgusa. Alitaka kulia kwa raha na alijizuia.

"Gaither, umeona?" Tully alisema akiwa na chakula mdomoni. "Huyu hajamaliza hata mwaka. Wewe ulichukua kumi na moja. Ungejifunza kuoka mkate, baba, ungetuokolea muda."

Meza ikaangua kicheko. Na Gaither akacheka. Alicheka kabla ya wote, kabla Tully hajafika mwisho wa sentensi, kichwa nyuma, meno yote nje, na Ozella akiwa kiti cha tatu tu kutoka kwake aliona jinsi kicheko kile kinavyotengenezwa. Aliona macho hayamo. Akaelewa hiki ndicho alichokuwa akilipa mzee kila mlo tangu alipovuta kiti chake, na kwamba wote pale walikuwa wanamngoja yeye naye acheke. Kessler mkubwa alishamgeukia, amejiandaa kumpiga bega.

Aliweka uma chini.

"Kapteni," alisema, "wewe ulikuwepo?"

"Wapi?"

"Hapa. Ile miaka ya Shemasi."

"Nilikuwa kijana," Feeney alisema. "Kula, kitapoa."

"Nitakula. Nauliza tu. Nyekundu ilikuwa ya nani?"

Kicheko kilikufa upande mmoja wa meza na kikachelewa kidogo kufa upande wa pili. Dombrowski aliinamia sahani yake. Tully alitazama huku na huku.

"Hayo ya zamani," Kessler mkubwa alisema. "Dada, hujakaa dakika mbili umeshaanza."

"Kura ilikuwa ya siri," Feeney alisema, na adabu zake za padri zilianza kumpungukia. "Na mwenyewe hajawahi kulalamika. Muulize. Gaither, umewahi kulalamika wewe?"

Ozella aliogopa. Karatasi ya mwisho wa mwaka ilikuwa bado haijaandikwa, na mwandishi wake alikuwa amekaa mbele yake uso umemwiva. Kiti alikuwa amekipata sasa hivi, na alikuwa amekwisha kukitia hatarini. Lakini neno lilikwisha kumtoka na hakutaka lirudi.

Gaither alipangusa mdomo. Alipangusa taratibu, akaikunja leso, akaiweka kando ya sahani. Hakuwa anacheka tena. Alimtazama Ozella, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mnarani, kisha akauelekeza uso wake kwenye kichwa cha meza, na alipozungumza alitumia sauti yake ya kanisani, ile inayofika mpaka viti vya nyuma.

"Binti ameuliza swali," alisema. "Nami sikuwahi kuuliza. Nangoja jibu, Feeney."

Tangu Feeney apewe ukapteni, Gaither hakuwa amewahi kumwita bila kutanguliza neno Kapteni.